Mandazi sita upande huu, mawili upande ule

Mwaka 1969, nikiwa na umri wa miaka minane, sketi yangu ya shule ilikatwa ikawa kaptula ya kaka yangu. Shida zangu zilianza hapo, kwa mlio wa mkasi. Tulikuwa Karagwe, upande wa Tanzania, Wanyarwanda tunaoishi kwa watu, na mama alikuwa amejifungua mtoto wa sita. Alitakiwa mtu wa kumbeba huyo mtoto wakati wengine wanalima, na mgongo uliopatikana ulikuwa wangu. Nilikuwa darasa la tatu. Kaka yangu alivaa ile kaptula, akasoma mpaka akawa karani, na hadi leo hajanishukuru. Sasa hana meno ya mbele. Sisemi ni adhabu ya Mungu, ila sijawahi kumwombea yaote.

Nimeanza na kaptula ili mjue anayewaandikia ni nani. Nyinyi walimu vijana wa chekechea mna diploma, mna kompyuta za kushika mkononi, mna semina za siku tatu ambazo wali wake ni mtamu kuliko mada zake. Mimi nilisoma miaka mitatu kasoro mkasi. Lakini nimefundisha watoto wa miaka minne na mitano pale Gikondo kwa miaka ishirini na mmoja, na kuna somo moja ninalolijua kuliko mtu yeyote katika Kigali hii: kipi ni zaidi na kipi ni pungufu. Darasani nilisema Kinyarwanda. Hapa naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, na Kinyarwanda changu cha kuandika hunichekesha hata mwenyewe.

Mtu mzima huona hili ni somo la dakika tano. Saba ni zaidi ya nne, kwisha, twende tukanywe chai. Haya. Nendeni mkasimame mbele ya watoto kumi na wanane wenye makamasi, mwandike 4 na 7 ubaoni, muulize. Mwaka wangu wa kwanza niliandika nne upande wa kushoto, kubwa, nzuri, imekaa kama bibi harusi. Nilipofika upande wa kulia chaki ilikuwa imebaki kama punje ya mahindi, nikaandika saba ndogo ya kubana. Darasa zima likasema nne. Nikawafokea. Nikawaambia waangalie vizuri. Wakaangalia vizuri, wakasema nne, na mmoja wao akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwonyesha bibi yake njia ya kurudi nyumbani, kwamba ile nne imeshiba na ile saba ina njaa.

Alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyewauliza, bila kujua, tarakimu ipi ni nene. Kwa hiyo tarakimu zote ziandikwe kwa urefu mmoja, kama askari kwenye gwaride. Na usimfokee mtoto kabla hujauona ubao kutoka pale alipokaa yeye. Chuchumaa uangalie. Makosa yangu mengi niliyagundua nikiwa nimechuchumaa. Magoti yangu yalipogoma ndipo nilipojua kazi imekwisha.

Sasa mnajiuliza mtu wa darasa la tatu aliingiaje darasani. Aliingia na fagio, lakini kabla ya fagio kulikuwa na vifungo.

Tuliporudi Rwanda nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilipata kazi Gikondo kwa fundi cherehani, Mzee Saidi, Mwislamu mwenye ndevu zilizokatwa vizuri kuliko suti alizoshona. Kazi yangu ilikuwa vifungo. Asubuhi hadi jioni vifungo, mpaka nikitazama uso wa mtu naona macho yake yana matundu manne. Mzee Saidi hakujua kusoma hata jina la duka lake mwenyewe, ambalo lilikuwa limeandikwa vibaya na hakuna aliyethubutu kumwambia. Lakini hakuna shati lililotoka pale likiwa na kifungo pungufu. Siku yangu ya kwanza alinikuta nahesabu kwa sauti: vifungo saba, matundu saba, hapana, sita, naanza upya. Alinisikiliza hadi akachoka.

"Dada," akasema, "kuhesabu iko kazi ya watu wenye nafasi. Kila kifungo kipe tundu lake. Kinachobaki bila mwenzake ndicho jibu."

Akatandaza shati mezani na kuweka kifungo juu ya kila tundu, moja baada ya jingine, bila kutaja namba hata moja. Tundu likibaki, vifungo vimepungua. Kifungo kikibaki, vimezidi. Vyote vikipata wenzao, funga mdomo ushone. Hicho ndicho chuo changu cha ualimu. Kilichukua muda wa kupoa kwa kikombe cha chai, na mkuu wa chuo alikuwa amevaa kandambili.

Macho yake yalipochoka alifunga duka, akanigawia cherehani moja na mfuko wa vifungo vilivyobaki, vya rangi zote na ukubwa wote. Nikahamia chekechea ya kanisa iliyokuwa nyuma ya magareji, kufagia na kupika uji. Mwalimu mkuu alikuwa Madamu Konsolata, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Mwalimu wa darasa la kati alipokwenda kujifungua, Madamu aliniambia nikae na watoto mpaka apate mtu. Hakupata mtu. Nikakaa miaka tisa kabla ya mtu kuniuliza cheti.

Nilikwenda darasani na ule mfuko kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Watoto wakaanza kuniita Tichaa Vifungo, na jina halikutoka tena. Mtaniuliza kwa nini vifungo na si picha. Mtoto wa miaka minne hupima kwa macho. Panga vifungo vitano kwa kuviachanisha, mstari mrefu kama msafara wa harusi. Chini yake panga saba vilivyobanana. Muulize. Atakuambia vitano ni zaidi, na ataapa. Ukimwambia ahesabu, atahesabu vizuri kabisa, tano, saba, kisha atakuambia tena vitano ni zaidi. Namba kwake ni wimbo tu. Basi mwache afanye alichofanya Mzee Saidi. Hiki na hiki, hiki na hiki, mpaka viwili vibaki chini vinashangaa. Hapo utaona uso wa mtoto ukibadilika. Mimi huo uso nimeuona mara nyingi na bado sijauchoka, na mimi ni mtu wa kuchoka vitu haraka, muulizeni marehemu mume wangu.

Vifungo viwe vikubwa vya koti. Vya shati humezwa. Mwaka wangu wa pili vilimezwa vitatu, na vyote vilirudi. Nani alivisubiri, na kwa njia gani, si jambo la kuandika.

Alama zenyewe, > na <, nilizifundisha mwisho. Mtoto ashike vitu kwanza kwa miezi, alama baadaye, kwa sababu alama ni kama jina la ukoo: halina maana kama hujui watu wenyewe. Na hapo kwenye alama ndipo nilipokaribia kurudi kwenye sufuria la uji moja kwa moja.

Mnamjua mamba. Kila mwalimu anamjua. Alama ni mdomo wa mamba, mamba ni mlafi, hufungua mdomo upande wenye vingi. Mimi nilimleta kutoka semina, nikamchora kwenye kadibodi kwa kalamu za rangi, meno meupe, ulimi mwekundu, nikamtundika. Alifanya kazi. Watoto walimwogopa kidogo, jambo ambalo kwangu halikuwa baya, na wakamwekea vingi mdomoni ili awaache wao.

Kisha Madamu Konsolata akaniita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Akanieleza kwamba Ijumaa atakuja mkaguzi kutoka ofisi moja kule Kacyiru. Anapita kwenye shule ndogo kuwaangalia wanaofundisha bila vyeti. Ataketi darasani kwa somo moja. Akiridhika, mwalimu anabaki. Asiporidhika, darasa linapewa mwenye karatasi.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Sufuria bado lipo," akasema, akitazama dirishani.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Sufuria sikuliogopa, nimepika maisha yangu yote. Lakini nilikuwa nimezoea asubuhi kusikia watoto wakinipigia kelele kutoka getini, Tichaa, Tichaa, na nilijua nikirudi jikoni watanipita wakielekea kwa mtu mwingine, nami nimeshika mwiko. Kuvuliwa shule mara ya kwanza nilikuwa mtoto, sikuulizwa. Mara hii nilikuwa mtu mzima na mkasi niliuona unakuja.

Alhamisi padre akaja kubariki madarasa. Sina neno na padre, alikuwa mzee mwema, lakini mkono wake ulikuwa mzito kwenye maji ya baraka. Alinyunyiza ukuta, akanyunyiza ubao, akanyunyiza mamba. Alipotoka, ulimi mwekundu ulikuwa umetiririka hadi mkiani, meno yamekwisha, na mdomo wote umekuwa doa la waridi. Yalibaki macho mawili, kama mjusi aliyeshtuliwa bafuni. Nilisimama mbele ya mamba aliyebarikiwa nikasema maneno ambayo ilibidi nikayaungame kwa padre huyohuyo.

Nikaamua: kama sina mdomo wa karatasi, nitatumia midomo ya kweli. Asubuhi ya Ijumaa nikakaanga mandazi. Nilijiona mjanja sana. Sahani moja mandazi sita, sahani nyingine mandazi mawili, na mtoto mwenyewe awe mamba. Mtoto gani mwenye njaa atakosea hapo?

Mkaguzi alikuja kwa moto, pikipiki ya abiria, na kofia ya dereva ilikuwa imelaza nywele zake upande mmoja. Kijana mpole, miwani, kalamu mbili mfukoni. Watoto wakasimama wakamwamkia, akapewa kiti cha mtoto kwa sababu vingine havikuwepo, akakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Nikatoa sahani zangu, nikaweka moja upande huu wa meza, nyingine upande ule. Nikamwita Keza, msichana wa miaka mitano, ambaye alikuwa akilinganisha vifungo haraka kuliko mimi.

Nikamwambia leo yeye ndiye mdomo. Akasimame kwenye sahani ambayo mdomo unaitaka, yenye mandazi zaidi.

Keza akaangalia mandazi sita. Akaangalia mandazi mawili. Akamwangalia mkaguzi. Kisha akaweka mikono nyuma, akaenda kusimama penye mawili.

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyaga tope hadharani. Nikaita wa pili. Mawili. Nikaita wa tatu, mlafi wa darasa, ambaye uji aliupokea mara mbili kila siku, nikasema huyu ndiye mkombozi wangu. Akaangalia yale sita mpaka akameza mate, nikaona koo likipanda na kushuka, na akaenda kwenye mawili. Nikaita wote. Kumi na wanane, mmoja mmoja, wote mawili. Na kana kwamba haitoshi, Keza akarudi, akainua sahani ya sita kwa mikono yote miwili, akaipeleka kwa mkaguzi na kupiga goti. Yule kijana akashukuru, akachukua andazi moja, akala. Nilimwona akitafuna huku anaandika. Kisha akainuka na kwenda ofisini kwa Madamu kumalizia ripoti yake.

Nilibaki na watoto. Sitawadanganya kwamba nilikuwa mtulivu. Niliwauliza ni shetani gani aliyewaingia, wiki tatu tumefanya hili, leo ndiyo wamesahau zaidi ni nini? Walinitazama kama watu walioonewa. Keza ndiye aliyejibu, na alijibu akinitazama usoni.

"Mama anasema mgeni akiwepo, mtoto hachukui penye vingi. Unachukua penye vichache."

Nikawauliza wengine. Mmoja akasema kwao hata bibi akiwepo. Mwingine akasema yeye alichapwa kwa kuchukua kiazi kikubwa mbele ya mjomba. Yule mlafi akasema kwa uchungu kwamba yeye ameona kabisa ni sita, na angeyataka.

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto na sehemu kubwa ya mwili wangu haikupata nafasi. Nilikuwa nimelelewa hivyohivyo. Mimi mwenyewe ningekubali kukatwa mkono kuliko kuunyoosha kwenye sahani iliyojaa mbele ya mgeni. Nilikuwa nimewaambia watoto wa Kinyarwanda, waliofundishwa nyumbani kwamba ulafi ni aibu, wawe walafi mbele ya mtu wa ofisi. Mamba wa karatasi alikuwa mlafi kwa niaba yao. Nilipomwondoa, aibu ikawa yao wenyewe.

Na hapo nikiwa nimekaa, kitu kingine kikaniingia, cha fundi cherehani kabisa. Nikainuka na kwenda ofisini. Sikubisha hodi.

Mkaguzi alikuwa bado anaandika. Madamu Konsolata alikuwa ameshika rozari yake kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi.

"Bwana mkaguzi," nikasema, "wangapi wamekosa?"

"Wote, mama. Wote kumi na wanane. Pole."

"Hata mmoja hakubahatisha?"

Akainua kalamu kutoka kwenye karatasi.

Nikamwambia: weka sahani mbili mbele ya kuku asiyejua zaidi wala pungufu. Leo atakwenda huku, kesho kule. Kuku kumi na wanane, karibu nusu watapatia bila akili yoyote. Asiyejua hupatia nusu. Ili wote kumi na wanane wakose, na wakose upande uleule, lazima wote wawe wanajua. Waliijua sahani yenye zaidi wakaikwepa kwa sababu kuna mgeni. Wakaikwepa, wakamletea yeye.

"Na wewe ukala," nikamalizia.

Akatazama karatasi yake. Palikuwa na doa la mafuta pembeni. Akavua miwani akaifuta, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka, ila sikuwa na hakika, na Madamu alikuwa amefumba macho kabisa.

"Nionyeshe," akasema. "Lakini bila chakula."

Tukarudi. Njiani, hatua kama thelathini, sikuwa na mpango hata mmoja. Mamba amebarikiwa, mandazi yameniponza. Nikafika mlangoni nikawaza: adabu ndiyo iliyoniharibia, basi adabu hiyohiyo ifanye kazi. Hawa watoto wamefundishwa nini kingine nyumbani kuhusu wageni?

Nikachukua watoto sita nikawapanga mlangoni. Wawili nikawapanga dirishani. Katikati nikamsimamisha Keza.

"Keza, hapa ni kwako. Wageni wamekuja pande zote mbili. Wengi ni wapi? Wafungulie mikono."

Hakusita hata kidogo. Akawageukia wale sita, akafungua mikono miwili kama shangazi anayepokea watu wa mbali, mgongo akawapa wale wawili. Wale wawili wakanung'unika. Nikamwambia abaki hivyohivyo, ila mkono mmoja aupandishe juu na mmoja aushushe chini, ili darasa zima limwone kwa ubavu. Nikaenda ubaoni nikachora nilichokiona: mikono miwili imefunguka kwa wengi, na ncha, yaani mgongo, imeelekea kwa wachache. Sita, alama, mbili. Alama ileile ya vitabuni. Nikawahamisha. Watano wembamba huku, watatu wanene kule. Mikono kwa watano. Mmoja huku, wanane kule. Mikono kwa wanane. Kila mtoto alipata zamu, na hakuna aliyekosa, kwa sababu hakuna mtoto katika Rwanda nzima asiyejua kwamba nyumba yenye wageni wengi hufunguliwa mikono zaidi.

Mkaguzi, kwa ujanja wa watu wa ofisi, akaweka wanne huku na wanne kule. Keza akaangalia huku, akaangalia kule. Akawaita, akawashikanisha mikono wawili wawili, huyu na huyu, huyu na huyu. Mzee Saidi, Mungu amrehemu, angelia.

"Hakuna aliyebaki," akasema Keza, akanyoosha mikono yake pande zote mbili, wima kama mstari, mmoja kwa hawa na mmoja kwa wale.

Yule kijana akaweka kalamu mfukoni. Akaenda akasimama nyuma yake, akanyoosha mikono yake pia, juu ya ile ya mtoto. Mstari juu, mstari chini. Sikuhitaji kuwaeleza watoto hiyo ni alama gani. Nilichora tu ubaoni nilichokiona.

Msidhani basi kila kitu kilikwenda vizuri. Nilibaki darasani, hilo ndilo nililolitaka nikalipata. Lakini sheria ilikuwa sheria, na kwenye karatasi niliandikwa msaidizi, chini ya mwalimu mwenye diploma. Kwa miaka kumi na miwili iliyofuata niliwasaidia wasichana watatu, mmoja baada ya mwingine, ambao wa kwanza alishika chaki kama sindano ya daktari na wa pili aliwaogopa watoto. Niliwafundisha kila pembe ya kazi hiyo, wao wakatia sahihi. Iliniuma, kwa nini niseme uongo? Lakini watoto hawasomi karatasi. Walipofika getini walimwita nani? Basi.

Msichana wa tatu alileta ile kompyuta ya mkononi. Ndani yake kuna mamba wa kijani anayetafuna namba na kutoa mlio. Watoto walimpenda. Mimi pia nilimpenda, nilimchezea mwenyewe wakiwa wamelala mchana, na alinishinda mara mbili. Sina ugomvi naye. Ila angalieni: mtoto akibonyeza upande ambao mlio ni mzuri, hamjui kama anajua namba au anajua mlio. Mpeni vifungo baadaye. Mtoto anayejua zaidi kwenye kioo lakini hajui kwenye mkeka, hajui.

Na kabla hujatumia chakula kufundisha, uliza nyumbani kwao wanakulaje. Nililipia somo hilo kwa mandazi yote, kwa sababu yale yaliyobaki Madamu Konsolata alisema amekula kwa ajili ya mishipa ya fahamu.

Keza sasa ni msichana mkubwa, anauza simu mjini na kucha zake ni ndefu kuliko vidole. Mwezi uliopita alipanda huku Batsinda kunisalimia, amebeba mandazi kwenye karatasi. Akachukua sahani mbili kabatini kama mtu wa kwake, akagawa. Akanipa yenye mengi. Mimi nikachukua ile nyingine, maana mgeni alikuwa yeye. Tulivutana pale mezani kama watu wawili wajinga, hakuna aliyekubali kula zaidi, mpaka akanitazama akaanza kucheka, na mimi nikacheka hadi nikakohoa. Mwisho tuliyapanga moja moja, hili na hili, likabaki moja. Tulilikata katikati.

Leo ninamiliki hivi. Nyumba moja Batsinda, vyumba viwili na sebule, bati halivuji. Cherehani ya Mzee Saidi, mkanda mpya. Kuku wanne, hawajui kuhesabu. Viti sita vya watu wazima. Simu moja, kioo kimepasuka. Jozi mbili za viatu vya kanisani. Vifungo, mfuko mmoja, sijawahi kuvihesabu. Nakala ya ripoti ya mkaguzi, ina doa la mafuta. Cheti cha ualimu, hakuna. Meno ya mbele, yote.